Simu Elfu Kumi, Mradi Watu Wanyamaze

Haya nilisimuliwa na Bi. Nambeya, mfagiaji, mwaka jana mwezi wa nane, tulipolazwa wodi moja ya macho, mimi kitanda cha dirishani na yeye cha mlangoni. Tulikuwa tumefungwa bandeji wote wawili, hatuoni hata vidole vyetu, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kuongea. Kwao ni nchi nyingine. Jina la nchi alinitajia nami nimelisahau, na hata ningelikumbuka nisingeliandika hapa, maana nina wajukuu watatu ambao bado wanaomba kazi serikalini.

Basi, katika nchi hiyo alikuwapo fundi wa mitambo ya simu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, jina lake Sikudhani. Mumewe alifariki zamani akamwachia binti mmoja, Mwantumu, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko bondeni Kinyangulu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hospitali ya wilaya. Mwantumu alikuwa na mimba yake ya kwanza, na daktari alikwisha kumwambia kwamba mtoto amelala mshazari tumboni, hatatoka mwenyewe. Uchungu ukianza tu, zahanati ipige simu, gari la wagonjwa lije, akapasuliwe hospitali. Asisubiri.

Kwa hiyo wakati wenzake kazini wanawaza mishahara na vyeo, Sikudhani alikuwa anawaza simu moja tu, ya kutoka zahanati ya Kinyangulu kwenda kwa dereva wa gari la wagonjwa. Kila jioni alimpigia mwanawe, na kila jioni waliagana hivi:

"Haya mwanangu, pumzika."

"Haya mama."

"Kata basi."

"Kata wewe, mama. Mimi nitakukatiaje?"

Maana nchi ile ina adabu yake: mdogo hamkatii simu mkubwa. Mtoto hamkatii mama, karani hamkatii bosi. Mkubwa ndiye anayekata. Sikudhani husikiliza pumzi za mwanawe kidogo tena, ndipo anakata.

Nyumbani adabu hiyo ni tamu. Serikalini ilikuwa balaa. Mkubwa akimaliza kusema huiweka simu mezani bila kuikata, kwa sababu kukata ni kazi ya katibu wake. Katibu naye haigusi, kwa sababu ni simu ya mkubwa. Na yule wa upande wa pili anabaki ameishika sikioni, anasikiliza feni ya ofisi ya watu. Karani mmoja wa mifugo alisubiri hivyo kuanzia Jumatano hadi Jumatatu. Alipandishwa cheo.

*

Waziri aliyesimamia simu aliitwa Mheshimiwa Lubatula, Waziri wa Sauti na Masikio. Alikuwa na shahada tano, na mojawapo aliisomea. Alikuwa amechoshwa na mtambo wa zamani wa nyaya, uliokuwa ukilia kama cherehani na kufanya kazi miaka arobaini bila kumsumbua mtu. Kosa la mtambo huo lilikuwa moja: haukuzinduliwa na yeye.

Akaagiza mtambo mpya, unaoitwa seva, unaopitisha simu kwenye intaneti. Ulipofunguliwa kwenye boksi, Waziri aliuzunguka mara mbili.

"Hii ndiyo?" akauliza. "Kitu kama sinia la maandazi? Simu elfu kumi kwa wakati mmoja zitakaa wapi humu?"

"Hazikai, Mheshimiwa," Sikudhani akasema. "Zinapita."

"Zinapita, lakini wageni watatazama nini?"

Ikaagizwa kabati. Likatengenezwa la mninga, urefu wa mlango na nusu, lina vioo mbele na taji la dhahabu juu, na ile seva ikawekwa katikati kama mayai ya kuku ndani ya sanduku la nguo. Kabati halikuwekwa hata tundu moja, kwa sababu tundu lingeharibu nakshi. Siku ya pili seva ikawa ya moto kiasi cha kuchoma kidole. Sikudhani akaandika barua kuomba kabati litobolewe. Akajibiwa kwamba badala yake ameajiriwa Afisa Upepo. Afisa Upepo huyo ndiye Bi. Nambeya wangu. Walimnyang'anya ufagio wakampa kipepeo cha ukindu, akawa anafungua mlango wa kabati na kupepea, asubuhi hadi jioni.

Hapo ndipo Sikudhani alipomweleza kazi ya ile seva, nami nimeielewa vizuri kuliko nilivyoelewa mambo mengi ya shule. Sauti ya mtu inakatwakatwa vipande vidogo kama bamia, inatumwa, na upande wa pili inaungwa upya kabla msikilizaji hajagundua. Simu moja ni bamia mbili tatu. Simu mia mbili ni gunia. Na kisu ni kimoja.

"Sasa hiyo elfu kumi wameipata wapi?" Nambeya akauliza, huku akipepea.

"Kwa muuzaji. Aliifanya seva ijipigie simu elfu kumi. Zikaita, zikafunguka, na hakuna aliyesema hata halo. Bila sauti hakuna cha kukata, dada. Ni mama ntilie anayejisifu kwamba amepokea wateja elfu kumi, kumbe wote wamechungulia mlangoni wakapita."

Sikudhani aliipima upya, mara hii kwa simu zenye sauti za watu wanaosalimiana kama watu wanavyosalimiana kweli, wanaanza na mzazi wanamalizia na ng'ombe. Zilipofika mia mbili na arobaini, salamu zikaanza kukatika, mtu anasema shikamoo unasikia "moo". Ya mia mbili arobaini na moja ikakataliwa kabisa. Akapima tena. Akapima mara kumi na moja, na mara zote ilikuwa vilevile.

*

Mkurugenzi wake aliitwa Bwana Fikirini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wanne na kiti kinachozunguka.

"Bi. Sikudhani, hii mia mbili na arobaini umeitoa wapi?"

"Nimeipima, Mkurugenzi."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hapo ndipo ulipokosea. Ungepima mara moja ungebaki na shaka, na shaka tungeishughulikia. Sasa umekuja na uhakika, nitaupeleka wapi?" Akazunguka na kiti, akamgeukia tena. "Elfu kumi imeshachapwa kwenye kanga, mama. Wake za mawaziri wamejifunga. Unataka wavuliwe?"

"Mimi sitaki mtu avuliwe. Nataka mkiuzima mtambo wa zamani, zahanati zisikose njia. Mwanangu yuko Kinyangulu."

"Muuzaji alipata elfu kumi, hakupata?"

"Alipata, kwa simu zisizosema."

"Basi andika hivyohivyo. Nani kakwambia udanganye?"

Sikudhani akakaa akaandika cheti cha kipimo, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo kulia: *Seva hii inabeba simu elfu kumi kwa wakati mmoja, iwapo wapigaji hawatasema neno. Wakisema, inabeba mia mbili na arobaini.* Akatia sahihi. Akajiambia, mtu yeyote mwenye akili akisoma hapa atasimama na kuuliza.

Bwana Fikirini alisoma. Akatoa rula na wembe, akaikata ile sentensi ya mwisho vizuri sana, pembe zimenyooka. "Lugha ya kukatisha tamaa," akasema. Iliyobaki akaipeleka kwa Waziri.

Waziri alisoma, kweli akasimama. Akavua miwani.

"Iwapo wapigaji hawatasema neno!" akasema polepole. "Fikirini, nani ameandika haya?"

"Fundi tu, Mheshimiwa. Kama kuna tatizo, mimi sikuwepo."

"Tatizo? Baraza zima limekaa miaka kumi na mbili halijaona hili! Hii ndiyo sera, bwana!"

*

Jioni ileile Waziri alihutubia redioni, na Bi. Nambeya aliikumbuka hotuba karibu yote, maana ilirudiwa kila baada ya taarifa ya mvua.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri. "Kwa miaka arobaini mmekuwa mkipiga simu na kusema. Mmesema, mmesema, mmesema. Tumefika wapi? Leo serikali yenu sikivu imewaletea mtambo wa simu elfu kumi. Kila mwananchi ana haki ya kupiga simu, saa yoyote, kwa mtu yeyote. Hilo halina mjadala. Kusema ni jambo jingine, nalo litapangiwa ratiba."

Ratiba ikabandikwa. Jumatatu waseme watu wa milimani, Jumanne watu wa bondeni, Jumatano wafugaji, Alhamisi viongozi, Ijumaa wagonjwa wenye cheti. Siku nyingine piga, mwenzio apokee, mnyamaze wote wawili kwa utaratibu, kisha mkubwa akate. Mwenye dharura ajaze fomu ya dharura siku tatu kabla ya dharura yenyewe, aambatanishe picha mbili.

Sikudhani aliingia ofisini kwa Fikirini bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

"Mkurugenzi, niliandika sentensi mbili."

"Moja imepokelewa vizuri sana. Wamekusifia."

"Mwanangu atashikwa na uchungu siku gani, mimi najua?"

"Kinyangulu ni bondeni. Mwambie ajitahidi Jumanne."

Sikudhani alimtazama muda mrefu. Fikirini akatazama kalenda, akaona haimsaidii, akatazama viatu vyake.

Kesho yake wakaja watu na mikasi mikubwa, wakakata nyaya zote za mtambo wa zamani. Ule mlio wa cherehani ukakoma, na jengo likawa kimya mpaka watu wakawa wanasikia saa zao za mkononi. Nyaya zenyewe hazikutupwa. Zilisokotwa zikatengenezwa sanamu kubwa la sikio, likasimamishwa mzunguko wa barabara katikati ya mji, kuonyesha kwamba serikali inasikiliza. Sikio halikuwekwa tundu, kwa sababu tundu lingeingiza mvua.

*

Uzinduzi ukapangwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mpango ulikuwa hivi: Mlezi Mkuu, ambaye ndiye mkubwa kuliko wakubwa wote wa nchi ile, atapiga simu akiwa ikulu, na viongozi wote nchi nzima watakuwa kwenye laini wakimsikiliza kwa pamoja. Viongozi wenye cheo cha kustahili walikuwa mia tatu. Sitini na mmoja walikuwa semina ya kujifunza kusikiliza, kwa hiyo hawakuweza kusikiliza. Wakabaki mia mbili thelathini na tisa. Ongeza Mlezi Mkuu mwenyewe.

Sikudhani alifanya hesabu hiyo kwenye kiganja, kwa kalamu. Akamwonyesha Nambeya.

Jumanne jioni, zamu ya bondeni kusema, Mwantumu alikuwa amemwambia kwamba kiuno kinamvuta.

Saa nne ikafika. Waziri na wageni walikuwa uwanjani chini ya maturubai, kila mmoja na simu sikioni. Bwana Fikirini alisimama chumba cha mtambo, suti mpya, simu sikioni na daftari mkononi. Sikudhani alikaa mbele ya skrini inayoonyesha kila simu inayopita na kila simu inayokataliwa. Nambeya alikuwa kabatini anapepea.

"Halo," akasema Mlezi Mkuu.

Viongozi mia mbili thelathini na tisa wakaandika: Halo.

Hotuba ikaanza na simu ya kwanza ambayo Mlezi Mkuu aliiona utotoni, ikaenda kwa mjomba wake aliyekuwa nayo, ikaingia kwa shamba la mjomba, ikakaa humo. Sauti moja ile ikawa inakatwakatwa na kugawiwa masikio mia mbili thelathini na tisa, na seva ikachemka mpaka taji la dhahabu likaanza kubanduka. Nambeya akabadilisha mkono.

Saa sita na robo, kwenye skrini ukatokea mstari mwekundu. *Zahanati ya Kinyangulu. Imekataliwa.*

Sikudhani aliijua namba ile kama anavyoijua tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Akasubiri. Baada ya dakika tano, tena. *Imekataliwa.* Baada ya nne, tena. Aliyekuwa anapiga ni mkunga, Bi. Leokadia, mwanamke mzima ambaye hapigi simu ovyo, na sasa alikuwa anapiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua.

"Mkurugenzi."

Fikirini akamwashiria kwa kalamu: ngoja.

"Mkurugenzi, kata simu yako. Yako tu. Nipate njia moja."

Fikirini akaziba simu kwa kiganja, akanong'ona. "Nimkatie Mlezi Mkuu? Mimi?"

"Zahanati inaita gari. Ni mwanangu, Bwana Fikirini."

"Alijaza fomu?"

"Usinitajie fomu!"

"Shh! Nina watoto wanne, Bi. Sikudhani. Hapo panaandikwa simu ipi imekatwa, saa ngapi, dakika ngapi. Nikikata mimi, hao wanne watakula wapi?"

"Basi nimkate mwingine. Wapo mia mbili."

"Chagua basi," Fikirini akasema, na jasho linamtiririka kwenye kola. "Chagua unayetaka awe wa kwanza kumkatia Mlezi Mkuu. Mkuu wa wilaya? Yule wa maji ambaye mkewe ndiyo kwanza katoka hospitali? Chagua, mimi sijaona."

Sikudhani aliweka kidole juu ya kitufe, akashuka nacho kwenye majina. Kila jina lilikuwa la mtu anayekwenda nyumbani jioni. Kidole kikawa kinatembea, hakitui. Na ule mstari mwekundu ulikuwa umefika mara kumi na saba, kumi na nane. Alikuwa amekaa na mikono inayoweza kufungua njia yoyote ya nchi nzima, na hakuna hata moja aliyoweza kuifungua. Nambeya aliniambia kwamba alimsikia akisaga meno, na kelele zote za kipepeo zikiwepo.

Saa nane ikagonga. Sikudhani akavaa hedifoni ili asikie angalau hotuba imefika wapi, kama inaelekea mwisho.

Hotuba haikuwa popote. Kulikuwa na mkoromo.

Alidhani ni laini mbovu. Akasikiliza tena. Mlezi Mkuu alikuwa amelala fofofo, simu i kifuani, anakoroma kwa kina na kwa heshima, na viongozi mia mbili thelathini na tisa walikuwa wanausikiliza mkoromo huo kwa makini. Kila ulipopanda, Waziri Lubatula alisema kwa sauti ya chini, "Naam." Ulipopiga mluzi puani, mtu wa mkoa fulani akasema, "Kabisa, Mlezi." Sikudhani akageuka akamtazama Fikirini. Fikirini alikuwa anaandika.

"Unaandika nini, Bwana Fikirini?"

Fikirini akamgeuzia daftari. Alikuwa ameandika: *Hapa amesisitiza.*

Sikudhani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akashusha kidole chini kabisa ya orodha, akakirudisha juu kabisa, kwenye simu namba moja. Saa nane na dakika tatu. Akabonyeza.

Mkoromo ukakatika katikati.

*

Nambeya alisimamisha kipepeo. Walisubiri mizinga, polisi, au angalau simu ya ikulu.

Hakuna kilichotokea. Viongozi mia mbili thelathini na tisa walibaki wameshika simu zao, wanasikiliza. Uwanjani, Waziri Lubatula aliwageukia wageni akaweka kidole mdomoni. "Anatafakari," akanong'ona. Daftari zikafunguliwa ukurasa mpya. Wengine waliandika *Kimya*. Waliosoma zaidi waliuacha ukurasa mtupu, wakaupa namba.

Na kwa kuwa sasa hapakuwa na sauti ya kukata wala ya kuunga, seva ikapoa. Nambeya aliweka kiganja juu yake, akasema ni kama paji la uso la mtoto homa ikishuka. Taa zikawa za kijani. Simu za watu zikaanza kupita, mia, elfu, elfu tano, wengine wakinong'ona, wengi wakinyamaza kwa kuogopa ratiba, mpaka skrini ikasoma elfu kumi. Kile cheti kilichokatwa kwa wembe kikawa kweli.

Sikudhani hakuitazama elfu kumi. Alikuwa anaitazama moja.

"Halo! Bwana Chande! Hapa Kinyangulu, Leokadia!" Mkunga alikuwa anapiga kelele kwenye hedifoni.

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amepokea. Alikuwa kimya. Ilikuwa Alhamisi.

"Bwana Chande, najua upo, nasikia redio yako!"

Kimya.

"We baba, nimepiga mara ishirini na tatu! Mwalimu ana uchungu tangu saa sita, mtoto amelala mshazari! Kama wamekukataza kusema, hawajakukataza kugonga! Gonga mara moja kama unakuja!"

Sikudhani alishika ukingo wa meza.

Ko.

"Mafuta unayo?"

Ko.

"Nesi unaye?"

Ko, ko.

"Mara mbili ndiyo hapana?"

Ko.

"Basi njoo hivyohivyo, baba yangu, mbio!"

Mlango wa gari ukasikika ukijifunga. Simu Chande hakuikata, kwa sababu mkunga alikuwa mkubwa kwake. Ilibidi Leokadia amkatie.

*

Saa tisa ikapita. Saa kumi Mlezi Mkuu aliamka ikulu, akaiona simu kifuani imenyamaza, akaomba papai.

"Nimesema vizuri?" akamuuliza msaidizi wake.

"Vizuri sana, Mlezi. Hasa mwishoni."

Saa kumi na robo Bwana Fikirini, mguu umemfa ganzi, alisogea kwenye skrini kutafuta kalamu aliyoiangusha. Macho yake yakatua kwenye mstari wa kwanza. *Simu namba moja. Imekatwa, saa nane na dakika tatu.* Akasoma mara mbili. Akamtazama Sikudhani, na Sikudhani akamtazama yeye.

"Nani aliyekata?" akanong'ona, bado simu iko sikioni.

"Hapo haijaandikwa nani. Lakini kwetu mkubwa ndiye anayekata, sivyo?"

Fikirini akafikiri, na Nambeya aliona jinsi ile fikra ilivyompanda usoni taratibu. Kama mkubwa alikata saa nane, basi simu ilikwisha saa nane. Basi wao wote, na Waziri, na wakuu wa mikoa, wana saa mbili wanasikiliza hewa na kuiandika.

"Kwa hiyo tunaweza kwenda nyumbani," akasema.

"Mnaweza."

"Na Waziri ataambiwa na nani?"

Sikudhani akairudia skrini yake.

"Na nani atakuwa wa kwanza kushusha simu?"

Fikirini akaokota kalamu yake. Halafu akaegemea kabati, akaibana simu sikioni vizuri, akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuupa namba.

Sikudhani alikuwa amekaa vilevile tangu saa nane, hajala, hajanywa. Nambeya alimletea chai akaiona inapoa. Hesabu yake ilikuwa ya barabara: sasa wamepita daraja, sasa wako kwenye lami, sasa wamefika mzunguko wa lile sikio. Kila mara alipomaliza safari aliianza upya, kwa sababu hakujua gari limekwama wapi. Mara mbili alisimama apige hospitali, mara mbili akakaa. Aliogopa kusikia.

Saa kumi na mbili na nusu, mwanga wa jua umefika kwenye vioo vya kabati na kuwa mwekundu, simu ya mezani ikaita.

"Mama." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali.

"Mwantumu! Uko wapi?"

"Hospitali. Wamenipasua. Ni wa kike, mama. Walisema tungechelewa nusu saa tu..." Hakuimaliza. "Mbona simu hazikupita tangu mchana? Bi. Leokadia alilia."

Sikudhani alifungua mdomo amwambie. Amwambie kabati, wembe, ratiba, mjomba wa Mlezi Mkuu na shamba lake, na mkoromo. Ikawa haina pa kuanzia.

"Laini zilikuwa na watu," akasema.

"Watu gani hao?"

"Basi mwanangu. Niwekee mtoto kwenye simu."

Kulikuwa na mchakacho wa shuka, kisha kitu kidogo kikapiga chafya. Sikudhani akacheka, na machozi yakamdondoka kwenye kibodi.

"Anasinzia," Mwantumu akasema. "Na mimi macho yananifumba, mama."

"Lala basi. Kata simu."

"Kata wewe, mama. Mimi nitakukatiaje?"

Sikudhani aliweka kidole kwenye kitufe. Upande wa pili mtoto alikuwa anapumua haraka haraka kama kifaranga, na baada ya muda pumzi zikatulia, akawa amelala. Zikaja pumzi za Mwantumu, ndefu, nazo zikatulia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na hakikubonyeza.

Wananchi walikuwa wamekwisha kukata simu zao, wamekwenda kupika. Uwanjani Waziri Lubatula alikuwa amelala kwenye kiti cha kifahari, simu sikioni, na wageni wake wamelala wakimfuata kwa vyeo. Bwana Fikirini alilala wima, ameegemea mninga. Nambeya akavua viatu vyake vya Uafisa Upepo, akajikunja kwenye boksi lililoletea seva, na kitu cha mwisho alichokiona kabla usingizi haujamchukua kilikuwa skrini, ambayo haihesabu pumzi kuwa maneno: *Simu zilizo wazi, hakuna anayesema: mia mbili na arobaini.*

Sikudhani naye akaisoma. Akahesabu kwenye kiganja, mia mbili thelathini na tisa na moja. Akalaza kichwa juu ya meza, simu sikioni, akasikiliza pumzi mbili mpaka na yake ikawa ya tatu.